Mfungwa wa Suala la Kumuona Mungu

Machi 1888 Sayyid Barghash bin Said alifariki dunia hapa Unguja, na ndugu yake Khalifa akakalia kiti. Gerezani alikuwamo mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi Mazrui, mtu aliyezaliwa 1825. Hakuwa ameiba wala kuua. Kosa lake lilikuwa kusomesha. Sultani mpya akamfungua, naye akaishi hadi 1894.

Nilisomesha historia na dini katika skuli za Unguja mpaka nilipostaafu, na kila darasa nililolisimulia kisa hiki liliniuliza swali lilelile: alisema nini hasa? Vijana hudhani mtu akifungwa na mfalme lazima awe amemtukana mfalme, au amekutwa na bunduki chini ya kitanda. Sheikh Ali alikuwa akishindana katika tauhidi na Maibadhi, watu wa madhehebu ya Sultani. Je, waja watamuona Mwenyezi Mungu huko Akhera au hawatamuona? Je, Qurani, maneno yake, ni ya tangu na tangu au imeumbwa? Na Muislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila ya kutubu, atatolewa motoni siku moja au ndio makazi yake ya milele? Mashafi wa pwani, walioshika itikadi ya Imam Ashari, walisema: ataonekana, haikuumbwa, atatolewa. Maibadhi walisema: hataonekana, imeumbwa, hatoki.

Hayo mawili ya mwisho nitayapita. Hilo la kwanza ndilo lililonitia mimi katika kusoma, na nalijua kutoka pande zote mbili za nyumba yetu.

Kwa mama mimi ni wa Maibadhi, kwa baba wa Mashafi, na nyumba ya namna hiyo hapa mjini si ajabu. Bibi mzaa mama alisali mikono imening'inia, na akimaliza Alhamdu hasemi Amin. Baba alifunga mikono kifuani, na alfajiri hakuacha kunuti. Walikula sinia moja. Bibi hakuwahi kufunguliwa kitabu cha ilimu ya kalamu, yaani ilimu ya hoja za itikadi, lakini udogoni mwake alikaa nyuma ya pazia wakati baba yake akisomesha wanaume barazani, na masikio yake hayakuwa na pazia. Nilipomuuliza kwa nini Mungu asionekane peponi, naye anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Mjukuu wangu, kila unachokiona kiko upande fulani. Mungu yuko upande gani?"

Nikampelekea maalim wangu, Mshafi wa Mashafi. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Bibi yako hodari. Mwambie: Yeye anatuona sisi, naye hana jicho wala hakai upande. Basi kuona kwenyewe hakuhitaji upande. Atakapotaka tumuone, atatuumbia kuona huko."

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kupata Kiarabu cha kutosha, nilikuta kwamba hoja ya Bibi ilikwisha kusemwa Basra na Mu'tazila, waliokubaliana na Maibadhi katika suala hili, na kwamba jibu la maalim limo karibu neno kwa neno katika vitabu vya Imam Ghazali, aliyefariki 1111. Hapana kati yao aliyejua kwamba anamnukuu mtu. Hoja zilikuwa zimevuka bahari, zikashuka forodhani, zikaingia jikoni.

Na aya zenyewe zinavutana. Katika Sura ya Al-An'am tunaambiwa macho hayamdiriki Mola. Katika Al-A'raf Nabii Musa anaomba amuone, anakataliwa, na jabali linapondeka. Maibadhi huziweka hizo mbele. Mashafi huweka mbele Sura ya Al-Qiyama, inayozungumza juu ya nyuso zitakazong'ara siku hiyo zikielekea kwa Mola wao. Muibadhi husema kuelekea huko ni kungojea thawabu. Muashari hurudi kwa Musa: mtume hawezi kuomba jambo lisilowezekana katika haki ya Mungu, kwa hiyo kule kuomba kwake peke yake ni dalili kwamba kuona kunawezekana. Muibadhi hujibu kwamba Musa aliomba kwa ajili ya watu wake wakaidi, awafunge midomo. Na kuhusu kudiriki, Muashari husema hiyo ni kukizunguka kitu chote kwa jicho: unaiona bahari kutoka Forodhani, lakini huizunguki. Mimi nimezisikia hoja hizi zikitolewa na wachuuzi wa samaki.

Wanaosema kwamba vyuo vyetu vilikuwa vya kukariri tu wamesema nusu ya kweli. Tulikariri, tena kwa bakora. Nilizijua sifa 20 za Mwenyezi Mungu, kuanzia wujudi, kidamu na baka, kabla ya kuijua hesabu ya kuzidisha. Lakini sifa hizo tulizipata katika mapokeo ya Muhammad bin Yusuf as-Sanusi, mwanachuoni wa Tlemcen katika nchi ya Algeria, aliyefariki 1490, na Sanusi hakumwachia mwanafunzi wake akomee kwenye kukariri. Kwake yeye, anayemwamini Mungu kwa kufuata baba na mama tu, bila ya dalili, imani yake ina kasoro, na wako walioona kwamba alikuwa mkali kupita kiasi. Kila sifa ina dalili yake. Ulimwengu unageuka, kinachogeuka kina mwanzo, chenye mwanzo hakikujianzisha. Mtoto wa miaka 12 aliyesimamishwa barazani baada ya Magharibi akaambiwa aipange hoja hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, huku wenzake wakiruhusiwa kuitoboa, huyo ameshafundishwa kufikiri. Sijui kwa nini tunaona haya kuliita jambo hilo falsafa.

Sasa Barghash. Wengi humkumbuka kwa maji ya mfereji na Beit al-Ajaib aliyoijenga 1883. Mimi humkumbuka kwa mtambo wa kupigia chapa. Alitawala kuanzia 1870, akaenda hija, akafika London na Misri mwaka 1875, na baadaye akaweka hapa Unguja matbaa ya Kiarabu. Kilichotoka humo hasa ni vitabu vya Kiibadhi. Matbaa hiyo ilichapa sehemu ya Kamusi ya Sharia, kitabu cha Kiomani cha juzuu 90, kazi ya Jumayyil bin Khamis as-Saadi. Ilichapa Himyan az-Zad, tafsiri ya Qurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyekuwa akiishi Beni Isguen, katika bonde la Mzab, jangwani Algeria. Yaani mtu wa jangwa anaandika kule, na kitabu kinachapwa kwenye kisiwa cha karafuu. Juzuu moja ya Himyan ilikuwa ndani ya kasha la Bibi, imeliwa na mchwa pembezoni, na ndani yake umo utetezi wa kwamba Mungu haonekani, umepangwa kwa utulivu kabisa.

Kwa hiyo Barghash hakuwa mtu wa kuogopa kitabu. Wala hakuwachukia Mashafi. Tangu enzi za baba yake, Sayyid Said, Unguja ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafi, kila mmoja na watu wake. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, aliyepelekwa Kilwa kuwa kadhi angali kijana mbichi, alikuwa Mshafi na mtu wa tarika ya Kadiria, naye akitumwa safari za kiserikali. Al-Amawy huyuhuyu alikuwa na mazungumzo na Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza pale Mkunazini. Alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili, na Steere akaona hatimaye kwamba Kiswahili chake kimepanda juu mno, hakiwafai watu aliowakusudia. Juu ya dini walibishana, na hapana aliyemfunga mwenziwe. Sheikh Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, aliajiriwa na Barghash kuwa kadhi wa Kishafi. Wakagombana, bin Sumeit akaondoka kwenda Istanbul, na akarudi Barghash alipokwisha kufa. Hata huyo hakutiwa ndani.

Waliotiwa ndani ni nani? Sheikh Ali Mazrui, na kabla yake Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, aliyezaliwa 1852 akafa 1885 kabla hajazeeka. Watazame wawili hao. Barwani alikuwa Muarabu wa Kiomani, wa kabila la Harith, watu waliosimama pamoja na Barghash mwenyewe mwaka 1859 alipojaribu kumpindua ndugu yake Majid. Alizaliwa Muibadhi akahamia kwa Mashafi. Mamazrui nao asili yao ni Oman na Uibadhi, walitawala Mombasa mpaka Sayyid Said alipowang'oa mwaka 1837, na sasa mwanachuoni wao ni Mshafi anayewavuta Waarabu wengine wamfuate. Al-Amawy akisema Mungu ataonekana, anasema kama Mshafi aliyezaliwa Mshafi. Barwani akisema hivyo, ukoo mzima unageuza shingo.

Rai yangu ni kwamba swali lenyewe halikuwa hatari Unguja. Hatari ilikuwa kuhama. Na Barghash alikuwa na sababu ya kuogopa uhamaji kuliko baba yake. Kati ya 1868 na 1871 kule Oman, Azzan bin Qays aliwekwa kuwa imamu na wanavyuoni wa Kiibadhi, akamng'oa sultani wa Muscat, mtoto wa ndugu yake Barghash. Uibadhi una fundisho kwamba mtawala muovu huondolewa. Sultani wa nasaba hiyo alilazimika aonekane Muibadhi kamili, asije akaambiwa na masheikh kwamba hakufaa. Kuchapa Himyan na kumfunga Mazrui, kwa jicho langu, ni kazi moja iliyofanywa kwa mikono miwili.

Ajabu ni kwamba Imam Ashari mwenyewe, ambaye Mashafi wanamfuata, alikuwa mhamaji. Alikuwa Mu'tazila mpaka kiasi cha miaka 40, ndipo akatangaza mbele ya watu wa Basra kwamba ameiacha itikadi hiyo. Sikupata kusikia sheikh wa hapa akilitia jambo hilo katika kesi ya Barwani, na ingekuwa hoja nzuri.

Mwaka 1890 Unguja ikaingia chini ya Waingereza, na makadhi wakawa watu wa mshahara na mafaili. Suala la kumuona Mungu halikumhusu Balozi. Lilibaki misikitini, likapoa. Sheikh Ali alikuwa ameacha mtoto mdogo, al-Amin, aliyezaliwa 1891, aliyesoma kwa Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka kuja Unguja kwa bin Sumeit na Sheikh Abdulla Bakathir. Mwaka 1930 akaanzisha Mombasa gazeti la Sahifa, na 1932 al-Islah. Alikuwa msomaji wa jarida la al-Manar la Cairo, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Gazetini mwake hukuti sana upande wala jicho. Utakuta skuli, biashara, uvivu, harusi za fahari, na kwa nini Waislamu wameachwa nyuma. Namheshimu mno, na kazi ile ilihitajiwa. Ila baba alikwenda gerezani kwa sababu ya kuuliza Mungu yukoje, na mwana akageuza uso kuwauliza Waislamu wakoje. Katika kugeuka huko darsa ya kalamu ilipungukiwa na wanafunzi, na haikurudi tena hali yake.

Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetuandikia habari za wanavyuoni hao, alihamia Kenya mwaka 1967, na Qurani Takatifu yake, tafsiri kamili ya Kiswahili, ikachapwa Nairobi mwaka 1969. Aya za Al-Qiyama sasa zinasomwa na mama aliye jikoni bila ya kumngoja sheikh.

Suala lenyewe lilizuka tena mbali na hapa. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, Mufti Mkuu wa Oman tangu 1975, ni mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1942 aliyeondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Katika miaka ya 1980, Maibadhi waliposhambuliwa na wanavyuoni wa Saudia, aliandika al-Haqq ad-Damigh, kitabu chenye milango mitatu: kumuona Mungu, kuumbwa kwa Qurani, na kudumu motoni. Milango ileile ya Sheikh Ali Mazrui, kwa mpangilio huohuo nilioutaja, ila hoja zimeelekezwa upande wa pili. Jibu liliandikwa Saudia. Walioliandika wanasema ataonekana, kama Mashafi wetu wasemavyo, lakini hawaitaki kalamu ya Ashari. Kwao wao Mungu yuko juu, juu ya Arshi, na wanalishika hilo bila ya kulifasiri. Vijana wetu waliosoma huko wanarudi na jibu hilo. Ukiwauliza Mungu yuko upande gani, wananyoosha kidole juu, na hapo maalim wangu angesimama safu moja na Bibi.