Tanuu, Mkoko na Umeme

Misikiti na nyumba za kale za mawe katika pwani yetu zilishikwa na chokaa, na matumbawe hayageuki chokaa mpaka yachomwe. Mafundi walipanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto. Hilo ndilo tanuu. Kuni zilizopendwa ni za mkoko: nzito, moto wake mkali na haufi upesi. Kwa hiyo kila ukuta mweupe uliacha deni msituni.

Viwanda vilipokuja, deni likazidi. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi, kaskazini ya Vanga, ilikatwa kulisha matanuri ya chokaa na matofali. Sehemu ya ufuo ikabaki tupu, msitu usirudi wenyewe. Kuanzia 1991 ikabidi watu wapande kwa mikono. Mwaka 2013 Gazi wakaanzisha Mikoko Pamoja, mradi unaoingiza pesa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha wao.

Huku nyuma saruji ilishaipiku chokaa. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikitumia mawe yaleyale ya matumbawe. Lakini tanuri la saruji lataka joto la nyuzi 1,450 hivi, na mafuta na makaa ya mawe ndiyo yaliyozoeleka kulipasha. Mkoko ukapumzika kidogo, hewa haikupumzika.

Je, umeme utaweza? Mwaka 2017 kampuni za Vattenfall na Cementa za Uswidi zilianza kuchunguza plasma: umeme hupitishwa ndani ya gesi mpaka iwake kama radi. Ripoti ya 2019 ilisema inawezekana, ila gharama ya kutengeneza saruji ingekaribia kuongezeka mara mbili.

Na bei si tatizo pekee. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye moto. Ubadilishe moto utakavyo, jiwe litaitoa tu. Nafuu ni kwamba pasipo moshi wa mafuta, hewa hiyo hutoka safi zaidi na ni rahisi kuinasa. Kisha kuna stima yenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia giza. Tanuri likipoa ghafla, matofali yake ya ndani hupasuka.

Kwa Vanga, hesabu hii si ya mbali. Anayejenga chumba kimoja kimoja, mfuko wa saruji ukimshinda, anazijua boriti za mkoko na anajua zilipo. Tanuri jipya lisipoangalia mfuko wake, deni litarudi kulekule msituni.