Mkono wa Mhunzi

Juma hili twende Enguserosambu, wilayani Ngorongoro. Huko nilimtazama kijana akitengeneza geti. Alikata bamba la chuma kwa gesi, lakini hakukimbilia kuchomelea. Kwanza alisaga ukingo mpaka magamba ya moto yakaisha, akaukata mshazari ili chuma kilichoyeyuka kifike chini kabisa ya kiungo. Zile pembe kali alizipunguza, maana hapo rangi hukaa nyembamba na kutu huanzia hapo.

Nikawakumbuka wahunzi wa Kimaasai, Ilkunono. Ndio waliofua mikuki na sime za morani. Baadaye hata springi za malori ziligeuzwa sime. Ng'ombe walilindwa kwa makali yao. Hata hivyo, Wamaasai wengine hawakutaka kuoana nao. Mwaka 1905, Mwingereza A. C. Hollis aliandika kwamba Mmaasai hakushika kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi kabla ya kujipaka mafuta mkononi. Silaha ilisifiwa, mtengenezaji akaogopwa.

Tusiwacheke wazee wale. Mimi mwenyewe, mjini, fundi aliniomba nusu siku ya kusaga kingo za mlango wangu. Nikamwambia achome tu, rangi itafunika. Masika haikuisha, kiungo kikaachia, na lawama nikamtupia yeye.

Sisi hatupaki mafuta mkononi. Tunapunja tu malipo ya kazi isiyoonekana, kisha tunamwita fundi mwongo. Je, tumewazidi nini wale wa zamani?