Chang'an: kiwanda cha bunduki kilichogeuka kuwa cha magari

Julai 2025, mjini Chongqing, kusini-magharibi mwa China, lilizinduliwa shirika jipya la umma la magari: China Changan Automobile Group. Shirika ni jipya, lakini ukoo wake ni mkongwe. Chang'an huhesabu umri wake tangu 1862, zaidi ya miaka 20 kabla Karl Benz hajaunda gari lake.

Mwaka huo wa 1862 China ilikuwa ikiwaka moto wa uasi wa Taiping. Li Hongzhang, kamanda wa serikali ya nasaba ya Qing, alifika Shanghai akajionea nguvu za silaha za Wazungu. Akaanzisha karakana ya makombora na risasi kwa msaada wa Halliday Macartney, daktari Mskoti aliyeacha jeshi la Uingereza. Karakana ilihamia Suzhou, na mwaka 1865 ikatua Nanjing, ikajulikana kama Kiwanda cha Silaha cha Jinling.

Macartney alisomea utabibu, si uhunzi. Mwaka 1875, mizinga miwili ya Nanjing ilipasuka ikifyatuliwa kwenye ngome za Dagu na kuua askari waliokuwa wakiihudumia. Li akamwachisha kazi.

Mwishoni mwa 1937, Wajapani wakiukaribia mji wa Nanjing, mafundi walifungua mashine, wakazipakia melini na kupanda nazo mto Yangtze hadi Chongqing. Nanjing ilianguka Desemba 13. Mapema 1938 kiwanda, ambacho sasa kiliitwa Kiwanda cha Silaha Namba 21, kilikuwa kimeanza tena kazi kando ya mto Jialing. Ndege za Japani zilipoushambulia mji, viwanda vya silaha vilichimba mapango kwenye miamba, mashine zikanguruma humo. Namba 21 kilitoa bunduki za rashasha aina ya Maxim na bunduki za kawaida kwa ajili ya jeshi la Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo.

Wakomunisti walipotwaa nchi, kiwanda kilibaki mikononi mwa dola. Mwaka 1958 mafundi wake waliunda gari aina ya jeep, Changjiang 46, kwa kuiga Willys ya Marekani. Zilitoka takriban 1,390 tu. Uzalishaji ukasimamishwa, kiwanda kikarudi kwenye silaha.

Kilichokirudisha kwenye magari ni ukata. Kiongozi wa China Deng Xiaoping alipopunguza matumizi ya jeshi, oda za silaha zilikauka huku maelfu ya wafanyakazi wakihitaji mishahara. Jirani yao, kiwanda cha Jialing, nacho cha silaha, kilikwishaanza kutengeneza pikipiki mwaka 1979. Kiwanda, sasa kikiitwa Chang'an, kikachukua teknolojia ya Suzuki Carry, gari ambalo Watanzania huliita kirikuu, na mwaka 1984 kikatoa vigari vyake vya kwanza. Ubia na Suzuki ulifuata 1993, na Ford 2001.

Hata hivyo, magari yaliendelea kuishi chini ya paa la silaha. Kuanzia 1999 Chang'an ilikuwa chini ya China South Industries Group, shirika la umma la zana za kivita. Suzuki iliondoka 2018 na kumwachia Chang'an hisa zake. Kuzinduliwa kwa shirika jipya mwaka 2025, lililotengwa na shirika hilo la silaha, ndiko kulikotenga hesabu za magari na za silaha. Mmiliki hakubadilika: ni serikali ya Beijing, mrithi wa mteja yule yule aliyeagiza makombora ya kwanza.