Maumivu Machanga, Si Makali

Miongoni mwa istilahi za tiba tulizorithishwa, inayostahili kuondolewa kwanza ni "maumivu makali ya mgongo". Daktari anakusudia maumivu ya kiuno ambayo hayajatimiza wiki 6. Yakivuka wiki 12 huitwa sugu. Kipimo ni kalenda, si uchungu. Aliyeinua ndoo jana akabaki na kiuno kilichokaza kidogo yumo katika kundi hili. Asiyelala usiku kwa kiuno cha miaka 3 hayumo. Walioichagua "makali" walilitazama neno la Kilatini, ugonjwa wakauacha nje ya mlango.

Asili ya kosa inajulikana. Neno acutus linatokana na kitenzi cha kunoa, na Warumi walilitumia kufasiri oxys ya Wagiriki. Ila oxys ilibeba maana mbili, ncha na kasi. Waganga wa mapokeo ya Hippocrates walipoandika juu ya maradhi ya oxys, waliwaza homa na vichomi vinavyokwenda mbio, mgonjwa akapona au akafa upesi. "Kali" yetu haina kasi hiyo. Kisu kikali, siki kali, mbwa mkali, mwalimu mkali: kote ni nguvu ya kuumiza au kuogofya, na jua kali huweza kuwaka miezi. Zaidi ya hayo neno limekwisha kupewa kazi nyingine. Kliniki za watoto hutofautisha "utapiamlo mkali" na "utapiamlo wa kadiri", yaani hupima ukubwa wa tatizo. Neno hilohilo haliwezi kupima ukubwa chumba hiki na umri chumba cha pili.

Anayelipia kosa hili ni mgonjwa. Huko Helsinki, Malmivaara na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba walioagizwa kulala kitandani siku 2 walichelewa kupona kuliko walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Mwaka 2015 Traeger na wenzake walichambua majaribio 14 wakaona kuwa elimu anayopewa mgonjwa katika huduma za msingi humtuliza, hasa ikitoka kwa daktari. Sasa mtu huyo atatulizwaje ilhali jina la kwanza analosikia ni "makali"? Atakwenda kulala, na ni haki yake. Wapo watakaotaja jaribio la Sydney la 2019, ambamo vipindi 2 vya saa nzima vya elimu havikupunguza maumivu kuliko mgonjwa kusikilizwa tu. Matokeo hayo nayakubali, na yananipa nguvu: kama mafunzo marefu hayaongezi kitu, uzito wote unabaki kwenye maneno machache ya mwanzo, na jina la ugonjwa ndilo la kwanza kati yake.

Napendekeza "maumivu machanga ya kiuno". "Changa" huhesabu umri bila kugusa ukubwa: mtoto mchanga, mwezi mchanga, embe changa. Wanaopigania "ya ghafla" wanaeleza namna yanavyoanza, na maumivu mengine ya kundi hili huanza polepole. "Ya muda mfupi" inaahidi mwisho ambao siku ya kwanza hakuna aujuaye. "Changa" husema yaliyopita tu. Imedaiwa, kwa kujiamini kusikostahili, kwamba kilicho kichanga lazima kikomae. Embe changa nyingi hupukutika kabla ya kuiva, na maumivu haya kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki chache. Yale machache yanayokomaa ndiyo daktari anayotaka kuyawahi. Maana hizo mbili, ya kupukutika na ya kukomaa, neno "makali" halina hata moja. Kwa matumizi, itoshe kumwambia mgonjwa: "Mama, maumivu yako bado machanga. Endelea na kazi zako kadiri unavyoweza, usilale kutwa. Ila ukishindwa kuzuia haja, ukifa ganzi sehemu za siri au miguu ikilegea, njoo siku hiyohiyo."