Bwana X na Dawa ya Koo

Wasee, kabla uombe mtu wa duka la dawa akupatie "zile za rangi mbili" kwa sababu koo inawasha, kutana kwanza na Bwana X.

Ni mtu wa kubuni. Alexander Fleming, yule jamaa aliyegundua penisilini London mwaka wa 1928, alimtolea mfano Stockholm, Desemba 1945, kwenye hotuba yake ya Nobel. Bwana X anaumwa na koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, anameza kidogo tu. Haitoshi kuua bakteria, lakini inatosha kuwazoesha dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mama wa watu anapata nimonia, anapewa penisilini, haishiki. Anakufa. Lawama, Fleming alimtupia mume.

Kinachonishangaza ni tarehe. 1945! Dawa ndio mwanzo ilikuwa inafikia raia. Miaka minne tu nyuma, Februari 1941, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa hospitalini Oxford, maambukizi yamemmaliza. Akadungwa penisilini, akaanza kupata nafuu. Ilikuwa adimu hadi wakawa wanaichuja kutoka kwa mkojo wake wampe tena. Baada ya siku tano ikaisha kabisa. Machi 15 akafa. Kwa hivyo usiniweke kwa kundi la wapinga dawa. Mtoto mwenye nimonia ya bakteria akicheleweshewa antibayotiki anaweza kufa.

Shida ni kujua nani anaihitaji. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibayotiki haiwezi kitu kwa virusi. Unabaki na tumbo la kuendesha, pengine vipele, na bakteria wako wengine wakijifunza kuishinda dawa. Lakini mafua na nimonia zote mbili huja na kikohozi. Huna eksirei, huna maabara. Utamrudisha nani nyumbani na nani utampa dawa?

Hapa ndipo naipenda hii historia. Goroka ni mji wa milimani Papua New Guinea. Nimonia ilikuwa inaua watoto wengi huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 bakteria sugu kwa penisilini walikuwa wameshaonekana nchini humo. Yaani kulikuwa na sababu kali ya kutoa dawa na sababu kali ya kuibania. Mwaka wa 1984 daktari Frank Shann na wenzake wakachapisha jibu rahisi ajabu: hesabu pumzi. Mtoto anayekohoa akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, mpe antibayotiki. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, alazwe. Kifaa ni saa tu! WHO ikajenga mwongozo wake juu ya wazo hilo, na leo kiwango ni 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Sasa njoo mtaani kwetu. Kisheria hizi ni dawa za kuandikiwa na daktari. Lakini mtu anaingia dukani, anasema "niko na homa", anatoka na vidonge sita. Hakuna aliyemuuliza swali lolote. Na simuoni mjinga, manake kumuona daktari ni pesa na foleni, na mdosi hataki kusikia habari ya kulala siku mbili. Mafua yangeisha yenyewe tu, lakini yakiisha, sifa zinaenda kwa vidonge. Mwezi ujao anarudi.

Kama kwenu kuna mtoto mdogo anakohoa, ngoja atulie kwanza, kwa sababu akilia hesabu inaharibika. Inua shati, washa saa ya simu, hesabu dakika nzima. Ikifika hizo namba, au kifua kinabonyea, au anashindwa kunyonya, mpeleke hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi. Akiwa chini ya miezi miwili usihesabu chochote, mpeleke tu.