Kuvuka kwenda Darajani

Bibi yangu alizaliwa Ng'ambo na akazeekea Ng'ambo, na mpaka miaka yake ya mwisho, akitaka kwenda sokoni Darajani, alikuwa akisema: "Mimi navuka." Maji pale hakuna. Kuna barabara, gari, vespa, wauza mitumba na watu wenye haraka zao. Nilipokuwa mdogo nilidhani anazungumzia kuvuka barabara, na kwa kweli kuivuka barabara ile ni kazi ya kutosha. Sikulifikiria tena neno lake hilo hadi mwezi uliopita, nilipokuwa nimekwama kwenye tope la Chwaka ndani ya kayaki ya plastiki, rangi ya chungwa, nikiisubiri bahari irudi.

Nieleze tulifikaje huko. Sisi ni watu sita tunaosoma vitabu pamoja, na mwezi ule tulikuwa tumemaliza Sons of Sindbad cha Alan Villiers. Villiers alikuwa baharia wa Australia aliyepanda jahazi la Wakuwait pale Aden mwishoni mwa 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi, akaja nalo mpaka Unguja, kisha wakateremka hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko za kupeleka Ghuba. Kitabu kilitoka 1940. Watu wengi hukisifia kwa habari za matanga na nyota. Sisi tuligombania kurasa za Rufiji: joto, mbu, matope, mabaharia wanaobeba magogo siku baada ya siku. Mwenzetu mmoja, mwanasheria ambaye sijawahi kumwona akilowa hata kwa mvua, akasema tunasoma mikoko kama watu wa Ulaya, kwenye karatasi. Twende tukavue. Basi likawa.

Unguja mikoko mikubwa iko Ghuba ya Chwaka, kilomita kama 30 mashariki ya mjini. Njiani unaipita Dunga, kwenye mabaki ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliyebaki na ngoma zake na siwa yake wakati masultani wa Kiomani wakitawala kutoka ufukweni. Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki 1865, mwanawe Ahmed akafuata 1873, na nafasi ile ikaishia hapo. Tulisimama dakika kumi. Dunga inastahili makala yake peke yake, na mwenye nafasi aiandike.

Chwaka tulifika Ijumaa usiku. Kayaki tatu za watu wawili wawili tulizikodi kwenye nyumba ya wageni, na mvuvi mmoja mzee akakubali kutuongoza kwa mtumbwi wake. Alizizunguka kayaki zetu akizigonga kwa vidole kama mtu anayechagua madafu.

"Na mirengu yake iko wapi?"

Tukamwambia hazina.

"Basi mkilala upande, mmelala."

Ana haki ya kuuliza. Ngalawa ya pwani yetu, gogo la mwembe lililochongwa, hushikwa na mirengu na matengo pande zote mbili, na mtindo huo ni ndugu wa vyombo vya Madagascar, Komoro na Indonesia. Umetembea bahari nzima ya Hindi kabla ya kufika kwetu. Kayaki ni chombo cha watu wa barafu, wa Greenland na kaskazini ya Amerika, waliokitengeneza kwa ngozi za sili ili wawinde. Leo kimefika kwetu kwa njia ya watalii, kikiwa cha plastiki, na sisi wenye pwani ndio tunaofundishwa namna ya kukikalia.

Jumamosi tuliingia majini saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi alfajiri na sasa yanakupwa, na mzee alitwambia wazi: tuingie mto Mapopwe, tuvue kidogo, saa mbili tuwe tumetoka. Mapopwe ndio hori kubwa linaloingia katikati ya mikoko, na wenyeji huliita mto ingawa chumvi yake ni ya bahari. Kwanza tulipitia majani ya bahari, mzee akanyanyua madema yake mawili, ndani mkiwa na tasi. Kisha miti ikatufunga pande zote. Mlilana upo mbele kabisa, mizizi yake imechomoza matopeni kama vidole. Nyuma yake mkoko wenyewe, umesimama juu ya miguu yake ya matao. Ukizidi kwenda ndani unapata muia, mkandaa na mchu. Mzee aliitaja bila kugeuza kichwa, kama mtu anayetaja nyumba za mtaani kwake: huu wa boriti, huu magome yake yalikuwa yakitiwa ngozi rangi, huu kuni zake hazina mfano.

Samaki wakaanza kula. Hilo ndilo lililotuponza. Mimi nilipata changu watatu wa saizi ya kiganja, mwanasheria akapata chewa mdogo na akaanza kujiona nahodha. Saa mbili ikapita. Mzee akapiga kelele mara moja, mara ya pili, na ya tatu tukazishika kasia, lakini tulikuwa kwenye mkono mdogo wa hori, na maji ya bamvua yakiamua kuondoka hayamngojei mtu. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumekaa juu ya tope. Mwenzetu mmoja aliteremka ili asukume, akazama mpaka mapajani, kiatu chake kimoja kiko kule mpaka leo.

Mzee angeweza kuondoka. Mtumbwi wake ni mwepesi na upondo anao. Akabaki, akatia tumbaku yake mdomoni, akasema: "Saa saba yatarudi." Saa nne na ushei za kukaa.

Kitu cha kwanza kinachokufikia ukikaa hivyo ni harufu. Tope la mikoko linanuka mayai viza. Ni majani yanayooza pasipo hewa, na hakuna ubaya ndani yake. Kaa wanakula humo, kamba wanakua humo, na nusu ya samaki wa ghuba ile walipitia utoto wao humo. Lakini linanuka. Na nikiwa nimeziba pua ndipo nikakumbuka kwamba harufu hii niliwahi kuisoma mahali, na haikuwa kwenye kitabu cha Villiers. Niliisoma kwenye habari za mjini kwetu.

Richard Burton alifika Unguja Desemba 1856, na kitabu chake juu ya mji huu kilitoka 1872. Humo anaulalamikia uvundo wa maji yaliyokuwa nyuma ya mji. David Livingstone alipopita 1866 aliligeuza jina la Zanzibar kuwa mzaha wa kunuka. Daktari James Christie, aliyeuona mlipuko wa kipindupindu wa 1869 na 1870, akaandika kitabu kizima, 1876, juu ya ugonjwa huo Afrika Mashariki. Wote hao walikuwa wakiyaona maji ambayo sisi hatuyaoni tena. Mji Mkongwe ulikaa juu ya ulimi wa ardhi, bahari mbele, na nyuma hori la maji ya chumvi lililoingilia upande wa Funguni na kuzunguka hadi karibu na Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, mji ulikuwa nusura uwe kisiwa. Yakipwa, likabaki tope, kama lile nililokuwa nimekalia.

Hebu sikiliza majina yenyewe. Darajani: palikuwa na daraja, la kuvukia hori. Funguni: palikuwa na fungu la mchanga. Kisiwandui: jina linasema kisiwa, na linasema ndui. Na Ng'ambo, mtaa wa bibi yangu, mtaa wa watu wengi kuliko Mji Mkongwe wenyewe, jina lake maana yake ni upande wa pili wa maji. Tumeyaweka majina tukayapoteza maji.

Sasa, sitaki kuingia kwenye mchezo wa kulilia kila kilichopita. Hori lile lilikuwa chafu kweli. Kipindupindu si hadithi, na mtu aliyezika watoto wawili kwa wiki moja asingetaka kusikia habari za uzuri wa mikoko. Ila nikiwa Chwaka, mahali penye tope lilelile, kaa walewale na harufu ileile, na watu wanakula kinachotoka humo, nilijiuliza: lile la mjini liliharibikaje? Jibu nadhani liko kwenye namna mji ulivyogeuka. Uso wake uliutazamisha baharini, kwenye meli na kasri. Beit el-Ajaib ilijengwa huko 1883, na hayo ndiyo picha tunayoiuza mpaka leo. Hori likawa mgongo. Na mgongoni ndiko watu humwaga.

Mgongoni huko ndiko walikokaa watumwa na waliokuwa watumwa, mafundi, wachukuzi, wageni kutoka bara na Komoro. Ndipo hori likawa na kazi ya pili, ya kuwatenga watu. Waingereza walilikuta, wakalipenda kwa sababu hiyo na kulichukia kwa sababu ya mbu. H. V. Lanchester, mtaalamu wa mipango miji, alitoa ripoti yake juu ya mji wa Zanzibar 1923, na hori lilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia. Kujazwa kwake kulikwenda vipande vipande kwa miongo kadhaa. Kule Mnazi Mmoja pakawa viwanja vya michezo, na kipande cha mwisho kikaisha miaka ya 1950. Maji yakaondoka. Mpaka ukabaki, sasa ni barabara: Creek Road, barabara ya hori, ambayo siku hizi inaitwa Benjamin Mkapa. Na hilo jina jipya, kwa heshima zote za marehemu, limelifuta neno la mwisho la maji kwenye kibao.

Watu wa Ng'ambo walivuka kila siku. Walivuka kwenda kupika, kubeba, kufua, kuimba. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kuhamia mjini 1911, alikuwa wa huko. Alivuka kwenda kuimba kwenye majumba ya wakubwa, akavuka kurudi, na watu wa upande wake ndio waliojaa nyumbani kwake usiku. Mwaka 1928, mwaka aliokwenda Bombay kurekodi santuri, wakaazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba walizozijenga wenyewe. Ukisema "navuka" wakati ule ulikuwa unasema unatoka kwako unakwenda kwao.

Nilimsimulia mzee baadhi ya haya ili muda uende. Alisikiliza, akatema tumbaku, akaniuliza kama nyumba za mji wa mawe nimezitazama dari.

Nimezitazama. Mimi na wewe sote tumezitazama: magogo meusi yaliyopangwa, moja baada ya jengine.

"Hizo ni hizi," akasema, akiugonga mkoko uliokuwa karibu.

Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Upana wake unaamuliwa na urefu wa boriti, mita tatu hivi, hata tajiri awe na fedha za kufunika uwanja. Na chokaa iliyoyashika mawe ilichomwa kwa kuni, na mikoko ni kuni kali. Mji uliolipa mgongo hori ulikuwa umebeba mikoko kichwani. Ulipotangazwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, boriti zilikuwa ndani ya urithi huo.

Nikamuuliza kama bado wanakata. Akasema wapo. Eneo lile ni sehemu ya hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, kukata kunataka ruhusa, na kuna usiku wenye sauti za mapanga. Alichokuwa na hasira nacho zaidi ni juya, nyavu za kukokota zinazong'oa majani ya bahari, jambo lililowagombanisha wavuvi wa ghuba hiyo kwa miaka. "Msumeno unausikia," akasema. "Juya hulisikii."

Maji yalirudi kama alivyosema, kwanza kimya kati ya mizizi, kisha kwa ghafla. Kayaki zikanyanyuka moja moja. Yangu ilikuwa ya mwisho, kwa uzito ambao sitauzungumzia hapa. Mzee alitutoa mpaka mdomo wa Mapopwe, akatuhesabu, halafu akahesabu samaki.

Jumapili jioni waliniteremsha Darajani, karibu na soko lile la 1904, na kikapu changu cha tasi na changu. Mvua ilikuwa imenyesha mjini. Pembeni ya barabara maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kijana mmoja alikuwa ameweka matofali matatu na ubao, anatoza watu mia mbili. Nilimlipa, nikapita juu ya ubao wake na kikapu kichwani, nikampigia mama simu kumwambia navuka.