Roke: Shule ya uchawi iliyochelewa kufungua mlango

Kijana anapoagana na wa kwao na kusafiri mbali kwenda kusomea uchawi, akafika mbele ya mlango wa shule na kukutana huko na marafiki na mahasimu, wasomaji wengi humkumbuka mara moja Harry Potter. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo, kilichoandikwa na J.K. Rowling, kilichapishwa nchini Uingereza mwaka 1997. Hata hivyo, miaka 29 kabla ya hapo, kijana mwingine alikuwa amekwisha kuipita njia hiyo. Jina lake ni Ged, mchunga mbuzi na mwana wa mfua shaba kutoka kisiwa cha Gont. Ngozi yake ni ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, na rangi hiyo ilikuja kuzusha ubishi uliodumu kwa miongo kadhaa.

Ged ndiye shujaa wa riwaya iitwayo A Wizard of Earthsea, iliyochapishwa mwaka 1968 na Parnassus Press, shirika dogo la vitabu mjini Berkeley, California. Mwandishi wake, Ursula K. Le Guin, alizaliwa katika mji huo huo mwaka 1929. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya mila na tamaduni, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza lugha na desturi za wenyeji asilia wa California. Mama yake, Theodora Kroeber, aliandika kitabu maarufu cha mwaka 1961 kuhusu Ishi, mtu wa mwisho aliyejulikana wa kabila la Wayahi. Binti aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo alijua mapema kwamba hekima haikugawiwa taifa moja peke yake.

Mwaka 1967 mchapishaji alimwomba Le Guin aandike kitabu kwa ajili ya vijana. Ombi hilo lilimfanya awaze juu ya wachawi wa hadithi za Ulaya, ambao siku zote huwa wazee wenye ndevu nyeupe. Je, ujanani walikuwa watu wa namna gani? Na ujuzi wao waliupata wapi? Jibu lake lilikuwa kisiwa cha Roke na shule yake.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, neno uchawi hubeba maana ya madhara na usiku. Uchawi wa Roke ni tofauti. Ni elimu inayofundishwa na walimu tisa, akiwamo wa pepo za baharini, wa mitishamba, wa nyimbo na wa kubadili maumbo. Msingi wake ni majina. Kila kitu kina jina lake la kweli katika lugha ya kale, na alijuaye jina hilo hukitawala kitu chenyewe. Ndiyo maana wanafunzi hupelekwa kwenye mnara wa upweke, wakakaa humo wakikariri orodha ndefu za majina. Hakuna njia ya mkato.

Ged ana kipaji kikubwa, lakini pia ana kiburi. Akichokozwa na mwanafunzi mwenzake, anajaribu kumwita mtu aliyekufa zamani, na badala yake anafungulia kivuli kinachomjeruhi vibaya. Mkuu wa shule anapoteza maisha kwa kumwokoa. Sehemu yote iliyobaki ya kitabu inaeleza jinsi Ged anavyokikimbia kivuli hicho, kisha anavyogeuka na kukifuata hadi mwisho wa bahari. Huko anakiita kwa jina, na jina hilo ni lake mwenyewe. Hapa hapana vita vya majeshi wala adui wa kuuawa. Adui ni kosa la mtu mwenyewe, na ushindi ni kulikiri.

Katika visiwa hivyo, watu wengi wana ngozi ya hudhurungi au nyeusi. Rafiki wa dhati wa Ged ni mweusi, na watu weupe ni wavamizi wanaotoka visiwa vya mashariki. Le Guin alilifanya jambo hilo kwa makusudi, tena bila kelele, akitaka msomaji awe amekwisha kumpenda Ged kabla ya kutambua rangi yake. Jalada la kwanza, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimwonyesha Ged kwa rangi yake. Majalada mengi yaliyofuata yalimfanya mweupe, na malalamiko ya mwandishi hayakusikilizwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2004, kituo cha televisheni cha Sci Fi nchini Marekani kilionyesha tamthilia iliyotokana na vitabu vyake, na Ged akaigizwa na kijana Mzungu. Le Guin alipinga hadharani katika jarida la intaneti la Slate, akieleza kwamba hakushirikishwa katika uamuzi huo.

Lakini Le Guin alikuja kuona kwamba yeye mwenyewe aliwafungia wengine mlango. Shule ya Roke ya mwaka 1968 ilikuwa ya wavulana peke yao, na uchawi wa wanawake ulidharauliwa vijijini kama kitu duni. Mwandishi, ambaye naye ni mwanamke, alikuwa ameufuata mkondo wa hadithi za kale bila kuuhoji. Miaka 22 baadaye, mwaka 1990, alichapisha Tehanu, riwaya inayoitazama dunia ile ile kwa macho ya mjane wa shambani na mtoto wa kike aliyeunguzwa kwa moto. Mwaka 2001, katika mkusanyiko wa hadithi uitwao Tales from Earthsea, alieleza kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa walioiasisi shule hiyo, kisha wakaondolewa. Katika hadithi nyingine ya mkusanyiko huo, msichana aitwaye Irian anafika Roke kubisha hodi. Walimu wanagawanyika, lakini Bawabu, ambaye naye ni mmoja wa walimu tisa, anamwacha aingie.

Le Guin alifariki dunia mwezi wa Januari mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 88. Baadaye mwaka huo ilitoka juzuu moja yenye vitabu vyote vya Earthsea, ikiwa na michoro ya Charles Vess, ambaye alishauriana na mwandishi kwa miaka kadhaa. Ndani yake, nusu karne baada ya kuzaliwa kwake kitabuni, mchunga mbuzi wa Gont anaonekana kwa rangi ile ile aliyopewa tangu mwanzo.